Maji Katika Mtutu wa Bunduki

Msomaji, kiko kitabu ambacho watu wa kwetu hukitaja sana na kukisoma kidogo. Mwandishi wake ni Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, Church Missionary Society, akafika Mombasa mwaka 1844. Kitabu chake cha safari kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1858, na kwa Kiingereza mwaka 1860. Wengi wetu twajua habari moja tu iliyomo: kwamba tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, Krapf aliuona mlima wenye theluji ambao jina lake limekuwa jina la nchi yetu. Wanafunzi huikariri habari hiyo kwa ajili ya mtihani, na kitabu hurudishwa rafuni. Mimi nataka kukuongoza mahali pengine katika kitabu hicho hicho, kwenye kurasa za safari ya mwaka 1851. Kwa maoni yangu hizo ndizo kurasa bora kupita zote alizoandika, na zina kasoro moja nitakayojaribu kuieleza pasipo kumwonea mwandishi.

Naandika kutoka Mbooni, katika milima ya Makueni. Wazee wa Ukambani husimulia kwamba watu wetu walikaa kwanza katika milima hii, kisha wakatawanyika, wengine wakavuka mto Athi kwenda Kitui. Kwa hiyo wale waliompokea Krapf huko Kitui walikuwa jamaa zetu, nami ninaposoma habari zao najiona kama mtu asomaye barua ya mgeni wa mbali, iliyoandikwa juu ya ndugu zake mwenyewe.

Safari ya 1851 ilikuwa na kusudi lililo wazi. Krapf alitaka kujenga kituo cha misioni huko Yata, ili Ukambani uwe mlango wa kuingilia bara. Alitoka Rabai mwezi wa Julai, akapata taabu njiani, akafika, kisha akaenda Kitui kwa Kivoi. Huyu Kivoi alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu, mtu maarufu, ambaye misafara yake ilijulikana mpaka pwani. Ndiye aliyempokea Krapf mara ya kwanza mwaka 1849. Sasa alimwalika wafuatane kwenda mto Tana. Mgeni alitaka kuujua mto, na mwenyeji alikuwa na shughuli zake. Kila mmoja alimhitaji mwenzake. Wala hapana aibu katika hilo, maana ukarimu mwingi wa duniani umechanganyika na haja.

Mwezi wa Agosti, walipokuwa hawako mbali na mto, wanyang'anyi waliwashambulia. Kivoi akauawa pamoja na watu wake wa karibu, na wengine wakatawanyika. Krapf alikuwa na bunduki. Anatuambia kwamba aliipiga mara mbili, lakini hewani, kwa sababu moyo wake haukumruhusu kumwaga damu ya mwanadamu. Kisha akakimbia porini, akabaki peke yake.

Hapo ndipo kitabu kinapobadilika. Krapf si fundi wa maneno. Kwa kawaida huandika kama karani wa ghala: siku fulani tuliondoka saa fulani, tukakiacha kilima fulani mkono wa kushoto, tukalala. Msomaji asiye na subira huchoka. Lakini alipopotea na kuwa na njaa na kiu, vitu vichache alivyokuwa navyo vilianza kupata uzito katika maandishi yake. Alifika mtoni, akanywa. Alijua kwamba ng'ambo ya kichaka kile hakuna maji, naye hakuwa na kibuyu. Basi akaujaza maji mfuko wa ngozi wa darubini yake, na mitutu ya bunduki akaijaza vile vile, akaiziba kwa majani na kwa vipande vya nguo alivyokata katika suruali yake.

Isome habari hiyo polepole. Darubini ni chombo cha kutazamia nchi za mbali, na bunduki ni chombo cha kuua. Mtu aliyekuja na vyombo hivyo viwili sasa hana kazi navyo ila kubebea maji ya kunywa. Mshairi angeweza kuitunga picha hiyo kwa makusudi, akaichezea, akaiharibu. Krapf hakuitunga. Alikuwa na kiu, akaandika alilolifanya, nalo likakaa hapo ukurasani bila maelezo, na hiyo ndiyo sababu ya nguvu yake. Hata maji hayo hayakudumu: vichaka vilivichomoa vizibo alipokuwa akipita gizani, na maji yakamwagika.

Kisha yanakuja masimulizi ya nyani. Krapf anatembea usiku na kujificha mchana, anatafuna majani na mizizi, anakula hata siafu. Katika bonde kavu anasikia kelele za nyani, anafurahi, maana anajua kwamba palipo na nyani bondeni hapakosi maji. Anaufuata mkondo mkavu, anakuta shimo ambalo nyani wamelichimba mchangani, na ndani yake maji. Anamshukuru Mungu. Baada ya kunywa anaimimina baruti katika leso, anaifunga, anaijaza maji ile pembe ya baruti. Tena kwa njaa anachukua baruti kiasi cha gao la mkono, anaila pamoja na machipukizi ya mti, naye anatuambia kwamba yalikuwa machungu.

Msomaji wa Makueni hahitaji kuelezwa shimo la mchangani ni nini. Mito yetu mingi hukauka juu na kuficha maji chini, na watoto wengi wamekwenda na madumu kuchimba. Nimewasomea wanafunzi wangu sura hiyo katika madarasa mengi. Wanaposikia habari za theluji ya mlima wanapiga miayo. Wanaposikia habari za shimo la nyani wanainua vichwa.

Sasa tazama sala za Krapf. Katika kurasa za amani, anapokuwa na wapagazi na bidhaa, sala huja mwishoni mwa aya kama muhuri juu ya bahasha; ukiiondoa, habari inabaki ile ile. Huku porini haiwezekani kuiondoa. Shukrani yake ina kitu cha kushukuriwa, nacho ni maji ya matope katika shimo lililochimbwa na wanyama. Alikuja kuwaletea wengine habari ya Mungu apaye. Sasa yeye mwenyewe anapewa, tena kwa mikono ya nyani. Mimi naona kwamba imani ya mtu huyu ilifanywa upya hapo, ingawa yeye hatumii maneno hayo, na mpango wa kituo chake ulikuwa umekwisha kuvunjika.

Liko jambo jingine linaloipa sura hiyo maana kubwa zaidi, nalo limo nje ya kitabu. Mwaka 1850, mwaka mmoja kabla ya msiba huu, Injili ya Marko ambayo Krapf aliitafsiri kwa Kikamba ilipigwa chapa huko Tübingen, Ujerumani. Katika sura ya sita ya Injili hiyo Yesu anawatuma wale Thenashara wawili wawili. Anawaagiza wasichukue kitu cha njiani isipokuwa fimbo: si mkate, si mkoba, si fedha. Na nyumba watakayoingia, wakae humo. Basi Krapf alikuwa amekwisha kaa mezani na kalamu yake, akatafuta neno la Kikamba la mkoba, na la fimbo, na la nyumba. Aliyafahamu maneno hayo kama mfasiri anavyoyafahamu. Mwaka uliofuata akajikuta hana mkate, hana mkoba, hana fedha, anatafuta nyumba ya kuingia. Sijui maelezo ya andiko yaliyo bora kuliko hayo, ijapokuwa mfasiri hakuyachagua.

Na nyumba aliipata. Hapa ndipo nafikia ile kasoro niliyoitaja.

Krapf alipofika kwenye vijiji vya Wakamba, jamaa za Kivoi walimpa chakula. Baadaye wakamlaumu: kwa nini Kivoi amekufa na yeye yu hai? Ilimpasa kufa pamoja naye. Akaogopa kwamba watamwua, akatoroka usiku, akapotea tena katika miiba na njaa, hata mwisho akaona ni heri kurudi na kujitia mikononi mwa watu wale wale aliowakimbia. Hawakumwua. Walimpa njia, akafika Yata, na kutoka Yata akarudi Rabai.

Anaposimulia hayo, Krapf anaandika kwa hofu, nasi hatuna haki ya kumcheka mtu aliyekuwa na hofu ya namna hiyo. Lakini mhakiki hana budi kuuliza: je, wenyeji wake tunawaona? Mimi nasema tunawaona nusu. Tunawaona wakilaumu, wakiomba zawadi, wakinong'onezana usiku, hatuwaoni wakilia. Mtu mkubwa wa nyumba yao ameuawa. Mgeni aliyefuatana naye amerudi peke yake, hana maiti ya mzee wao, hana hata mkuki wake. Ana bunduki, na bunduki hiyo ilipigwa hewani. Kwa Krapf jambo hilo lilikuwa rehema, nami namheshimu kwa ajili yake. Lakini jiweke katika ua wa Kivoi jioni ile. Yamkini wao waliona kwamba mzee wao alimpa mgeni ulinzi wake, na saa ya hatari ilipofika mgeni hakumpa ulinzi wowote. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na mwandishi mkubwa zaidi angeyaweka yote mawili mbele yetu. Krapf aliweka moja.

Watu hao waliokuwa na sababu ya kumchukia walimlisha mara ya kwanza, na mara ya pili walimwacha aende. Kitabu kinamshukuru Mungu kwa wokovu huo, na ni haki. Ila mikono iliyoshika kata na sufuria inapita haraka mno, kama miti iliyo kando ya njia. Methali yetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika habari hii mwenyeji hakupona, ni mgeni aliyepona, na kitabu hakisimami kulitazama jambo hilo.

Kasoro hiyo sikuigundua mwenyewe. Nilifundishwa, na mwalimu wangu hakuwa amesoma kitabu hicho, wala kingine ila Biblia.

Miaka kumi na zaidi iliyopita nilikuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu. Nilikuwa narudi nyumbani mwezi wa Novemba, na katika mfuko wangu mlikuwamo kitabu cha Krapf nilichoazima maktabani. Nilikuwa nimeazimia kuyaacha mafunzo. Karo ilikuwa imenishinda, mambo mengine yalikuwa yamenikatisha tamaa ambayo hayana faida kuyataja, na kanisani nilikuwa sijaingia kwa miezi mingi. Sikuwa na ugomvi na Mungu. Nilikuwa nimechoka tu kumwambia mambo yale yale. Mvua ilinyesha mchana kutwa. Gari la abiria lilikwama katika udongo mwekundu mbele kidogo ya Kikima, utelezi ukawa mwingi, giza likaingia pamoja na ukungu wa Mbooni ambao, ukiwa huujui, utadhani mlima umemezwa. Abiria walitawanyika. Mimi sikuwa na mtu wa kwenda kwake. Niliona taa katika nyumba moja juu ya matuta, nikapanda.

Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke mzee. Hakuniuliza jina, wala ninatoka wapi, wala ni wa dhehebu gani. Alisema, "Ingia, mwanangu, mvua haina rafiki." Akanipa shuka kavu na kiti karibu na moto, kisha akapakua muthokoi, nikala hata nikaona haya. Alikuwako pia mjukuu wake, mtoto wa kike wa darasa la saba hivi. Ndipo baada ya vyombo kuondolewa yule bibi akaniuliza jina langu, na sababu ya kuuliza akaitaja: walikuwa wanakwenda kusali kabla ya kulala, naye hakutaka kumwambia Mungu "mgeni" kana kwamba Mungu hanijui. Nikamwambia. Aliomba kwa Kikamba, sala fupi, akanitaja kwa jina kati ya jina la mwanawe aliyekuwa Mombasa na jina la ng'ombe aliyekuwa mgonjwa.

Sitakuambia kwamba niliongoka usiku ule. Nilikaa kimya, na macho yaliniuma, nikasingizia moshi.

Mtoto aliona kitabu changu kikikaushwa karibu na moto, akauliza ni cha nini. Basi nikawasimulia, huku nikiyageuza maneno ya Kiingereza kuwa Kikamba kadiri nilivyoweza: Kivoi, mto, wanyang'anyi, maji katika mtutu wa bunduki. Kwenye habari za nyani bibi alicheka hata akashika kifua. Nilipofika pale Krapf alipopewa chakula kijijini, alinikatiza.

"Nani alimpa?"

"Jamaa za Kivoi, susu."

"Nauliza aliyepika. Aliitwa nani?"

Nikapekua mbele na nyuma kwenye mwanga wa taa, sikupata jina.

"Waandishi wa vitabu," akasema, "hushiba wakasahau." Akaenda kulala.

Tangu usiku huo siwezi kukisoma kitabu cha safari bila kumtafuta aliyepika. Nimemtafuta katika vingi, na mara nyingi simpati. Hata habari za mwanzo wa kanisa kwetu Makueni husimuliwa hivyo. Twaambiwa juu ya Peter Cameron Scott, ambaye ugonjwa ulimtoa Kongo, akafika London, na penye kaburi la Livingstone katika Westminster Abbey akapata nguvu mpya ya kurudi Afrika. Twaambiwa kwamba yeye ndiye aliyeanzisha Africa Inland Mission mwaka 1895, akafika Nzaui mwaka ule ule, akafa Desemba 1896, akiwa bado kijana. Yote hayo ni ya kweli na yanagusa moyo. Ila kati ya kaburi la London na kaburi la Ukambani iko miezi kadhaa ambamo watu fulani wa Nzaui waliwaona wageni wakija, wakaamua kutowafukuza. Uamuzi huo nao ni sehemu ya historia ya kanisa, nami natamani siku moja mtu wa huko auandike, akianzia na majina.

Usifikiri, msomaji, kwamba namshusha Krapf. Kama kitabu chake kingekuwa kibaya nisingepoteza muda. Angekuwa mwongo, angejipamba. Angeficha kwamba alikula siafu na baruti, angeficha kwamba alitoroka usiku kama mwizi na kurudi kama mwombaji. Hakuficha. Unyofu wake ndio unaotuwezesha kuona hata yale ambayo yeye hakuyaona, maana ametuachia chakula ukurasani ijapokuwa hakutuachia mpishi. Waandishi wengi wa safari waliomfuata, waliokuja na misafara mikubwa na bunduki zilizokuwa hazipigwi hewani, hawakutuachia hata hicho. Ukilazimika kuchagua sura moja ya kusoma, chagua hiyo ya Tana, na ikiwezekana isome kwa sauti mbele ya mtu aliyewahi kuchimba maji mchangani. Sura za mwanzo zenye majina ya vilima unaweza kuziruka. Mimi mwenyewe nimeziruka mara mbili.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imekatika. Bibi alinifungia viazi vitamu katika jani la mgomba, mtoto akanionyesha njia ya mkato inayoshukia barabarani. Nyumbani sikumwambia baba lile neno nililokuwa nimekuja kumwambia. Mwezi wa Januari nilirudi chuoni.

Mwaka uliofuata nilipita tena Mbooni, safari hii wakati wa jua, nikapanda matuta yale na kilo mbili za sukari. Alikuwa shambani. Alinitambua kabla sijafika, akaniita kwa jina langu kwa sauti kubwa, na kabla hata ya kunikaribisha ndani aliuliza kama nimekuja na kile kitabu, maana alitaka nimsomee tena pale pa nyani.